Haki ya Kukaa

12 Januari

Mjomba wangu mpenzi,

Nakuandikia nikiwa mzima, na naomba karatasi hii ikukute hivyo hivyo, wewe na mkaza mjomba, na goti lako liwe limepunguza manung'uniko. Chumba nilichopata ni kidogo. Nikinyoosha mikono nagusa kuta zote mbili. Lakini kina dirisha, na mwenye nyumba ni mjane mpole ambaye kosa lake pekee ni kuimba anapofua. Mwambie mkaza mjomba lile shuka lake la maua ndilo limekuwa pazia, na mtaa mzima sasa unanijua kwa pazia kabla ya sura.

Kazi naipenda. Duka letu ni la ghorofa tatu: chini vyombo, katikati vitambaa, juu viatu na masanduku. Mimi niko kwenye vitambaa. Napima, nakata, nakunja, nafunga. Anakuja mtu anasema, "Nataka rangi ya kunifanya nionekane nimelala vizuri," nami namtafutia, na anaondoka ameridhika.

Ila kuna jambo moja. Sisi wanawake wa dukani hatukai. Sisemi hatukai sana, nasema hatukai kabisa. Tangu mlango ufunguliwe hadi ufungwe tunasimama nyuma ya meza, mteja awepo asiwepo. Ghorofa yetu ina kiti kimoja, nacho ni cha msimamizi. Hebu fikiri, Mjomba. Mtu cheo chake ni msimamizi, na ndiye peke yake anayekaa.

Wiki iliyopita mwenzangu mmoja tunayemwita Twiga kwa urefu wake, naye ni mjamzito, aliegemea jora la kitambaa, akateleza polepole, akajikuta amelikalia. Dukani hapakuwa na mteja hata wa dawa. Msimamizi akaja juu.

"Hilo jora ni la kuuza."

"Najua," Twiga akasema. "Nalipima."

Akaandikiwa onyo. Nikamwuliza msimamizi kwa adabu, kama ulivyonilea, kwa nini tusiwekewe hata vigoda. Akasema mteja akimkuta muuzaji amekaa ataona duka limelala. Nikamwambia, mbona wewe umekaa na duka liko macho? Sijui neno lile lilinitokaje.

Ni hilo tu. Usihangaike.

Mpwa wako


3 Februari

Mpwa wangu, mama yangu mdogo,

Barua yako ilifika na alama ya buti mgongoni, sijui mpeleka barua aliipitisha wapi, lakini imesomeka. Sisi wazima. Goti langu linatabiri mvua kila siku, na mara moja moja linapatia. Mkaza mjomba wako anakusalimu na anauliza kama unakula.

Tuje kwenye hilo la kukaa. Mwanangu, mimi ni kinyozi, nanyoa watu tangu hujazaliwa. Mteja anakaa, mimi nasimama. Tukikaa wote wawili tutabaki kutazamana kama wachumba. Ndiyo kazi. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wewe unataka cha mvunguni, kuinama hutaki, na juu yake unaomba kigoda.

Marehemu dada yangu alikuacha mikononi mwetu ukiwa na meno mawili, mimi na mke wangu tukakulea, kwa hiyo nakujua. Ukisema "ni hilo tu" huwa kuna jingine limejificha nyuma ya mlango. Kazi hiyo uliihangaikia mwaka mzima. Usiichezee.

Barua yako niliisoma kibandani, kwa sauti kidogo. Mwalimu mstaafu akasema una haki. Mwuza nyama akasema mwanamke akikaa dukani, duka linageuka sebule. Fundi saa akasema yeye amekaa maisha yake yote na hajawahi kuambiwa amelala. Tukabishana hadi mteja niliyekuwa namnyoa akachoka kungoja, akaondoka na kichwa nusu.

Mkaza mjomba wako naye aliichukua, akaisoma kimya, akairudisha kwenye bahasha. Tangu siku ile amekuwa mtulivu mno, na utulivu wake unaujua.

Mjomba wako


27 Februari, asubuhi

Mjomba wangu,

Salamu kwako, kwa mkaza mjomba, na kwa yule bwana wa kichwa nusu. Natumaini amerudi kumaliziwa. Mimi nakula. Mjane anaimba wimbo mmoja tangu Jumapili, na sasa nimeshtukia nauimba na mimi.

Tafadhali barua zangu usizisome kibandani. Mambo yangu si gazeti. Lakini najua hii nayo utaisoma, kwa hiyo mwambie mwuza nyama kwamba ana kigoda nyuma ya gogo lake, nimekiona kwa macho yangu, tena kina mto.

Yaliyotokea ni haya. Tulikubaliana, wanawake wa ghorofa zote tatu, kila mmoja aje na cha kukalia kutoka kwake. Jumatatu asubuhi ungetuona tunavyoingia. Huyu kigoda, yule ndoo ya kupindua, mwingine kreti la soda. Twiga alikuja na kiti cha mezani cha mama mkwe wake, amekibeba kichwani barabara nzima kama malkia aliyekosea njia. Tukavipanga nyuma ya meza. Mteja akija tunasimama, akiondoka tunakaa. Hatukupiga kelele wala hatukugoma, na mauzo hayakupungua hata kidogo.

Kabla ya saa sita msimamizi alikuwa amevikusanya vyote na kuvifungia stoo. Mama mkwe wa Twiga anakula amesimama hadi leo.

Nilidhani tumeshindwa. Kesho yake akaingia bibi mmoja wa kiuno kizito, mnunuzi mkubwa, wajukuu wake wote huvishwa na duka letu. Akaomba kiti. Msimamizi mwenyewe akakimbia kumletea chake. Bibi akakishika kwa mkono mmoja, akakisukuma nyuma ya meza hadi kwa Twiga.

"Kaa, mwanangu. Mimi nimekuja kununua, sikuja kukaa."

Habari zikatembea. Siku iliyofuata kila mwanamke aliyeingia kununua aliomba kiti, na kila aliyepewa alikisukuma nyuma ya meza. Msimamizi alipanda na kushuka ngazi na viti mpaka shati likamganda mgongoni. Vya chini vikaisha, vya ofisini vikaisha, mwenye duka mwenyewe akabaki amesimama mbele ya meza yake kama mtu anayeomba kazi.

Mengine ni ya kawaida.

Mpwa wako


20 Machi

Mpwa wangu,

Sisi wazima, na natumaini nawe pia. Nilicheka mpaka nikauweka wembe chini, maana mkono ulikuwa unatikisika na shingo haikuwa yangu. Mwuza nyama anasema ule mto ni wa daktari, ana ugonjwa. Hatukumwuliza ugonjwa gani.

Lakini mimi si mtoto wa jana. Barua yako umeiandika asubuhi ya tarehe ishirini na saba. Nimetazama kalenda ya ukutani, ilikuwa Ijumaa. Duka gani hilo linafungwa Ijumaa asubuhi? Tena mwandiko wako umetulia, si wa mtu anayeiba dakika. Na habari yenyewe umeikatia njiani. Mwenye duka amesimamishwa ofisini kwake, halafu unaniambia mengine ni ya kawaida. Hakuna mwenye duka wa namna hiyo. Nijibu.

Hapa hakuna jipya. Nimejiunguza kidole kwa sufuria, si kitu. Mkaza mjomba wako hajambo, amekaa.

Mjomba wako

Mwanangu, nachomeka maneno yangu hapa chini upesi, mjomba wako ametoka kutafuta gundi. Hajakwambia kidole kimekutana wapi na sufuria. Niliposoma barua yako ya kwanza nilijiuliza, tangu niolewe nani amewahi kuniona nimekaa wakati watu wanakula? Nikipakua nasimama, wakila nasimama, wakimaliza naokota vyombo na kula kilichobaki nimeegemea mlango. Basi jioni moja nilipakua, nikavuta kiti, nikakaa. Akaomba chumvi. Nikamwambia ipo pale pale. Alizunguka jikoni kwake kama mgeni, akarudi na sukari. Sasa tunapika kwa zamu. Chakula chake hakiliki ila ana bidii. Usimwambie nimekwambia. Na hilo alilokuuliza, mjibu kweli. Mimi nimeshalijua.

Mkaza mjomba wako


8 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo, na shikamoo kwa mkaza mjomba. Pole kwa kidole. Sufuria hushikwa kwa kitambaa. Nakukumbusha tu, mimi sijaambiwa kitu na mtu.

Umenishika. Siku ile ile mwenye duka alipokosa kiti alituita sote chini, kwenye vyombo. Akauliza wazo hili ni la nani. Tukanyamaza. Akasema, "Basi naanza na huyu mwenye tumbo." Twiga alikuwa anatazama sakafu. Nikasema ni la kwangu. Akaniambia nichukue mkoba wangu, nami nikauchukua. Sikukwambia kwa sababu ungefunga kibanda siku hiyo hiyo ukaja kunichukua, na mimi sikutaka kuchukuliwa.

Usidhani nalala njaa. Fundi cherehani wa mtaa wa pili ananipa mapindo na vifungo vya kushona asubuhi. Mchana natembea duka hadi duka. Kumbe si sisi tu. Kwenye duka la dawa wameweka vipande vya boksi ndani ya viatu ili nyayo zipate pa kuegemea. Kwenye duka la mikate kuna dada amejifundisha kusinzia wima kama farasi. Wenzake humgusa mteja akikaribia. Naingia kama nanunua, nawauliza miguu yao inaendeleaje. Hakuna aliyewahi kuwauliza, Mjomba. Wengine wanacheka kwanza, halafu wananivuta pembeni.

Sasa tumeunda chama. Tunakutana uani kwa mjane, naye ameacha kuimba ili asikilize. Mwenyekiti ni mwanamke wa ghorofa ya vyombo tunayemwita Nguzo, maana yuko pale tangu duka lijengwe. Mimi ni katibu. Afisa wa kazi, mzee mmoja wa miwani minene, ametuambia tupeleke malalamiko kwenye baraza la kazi, na tumepeleka.

Hili usilisome kibandani. Naogopa. Naamka na woga, napiga mswaki na woga. Lakini sijawahi kufurahi hivi tangu nizaliwe, na sijui vitu hivi viwili vinakaaje kwenye kifua kimoja.

Mpwa wako


2 Mei

Mpwa wangu,

Umzima? Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikianza naandika maneno ya hasira, halafu nayachana. Ulipaswa kuniambia. Basi. Hilo limekwisha.

Nilitaka kukwambia urudi. Chumba chako kipo, nimekipiga hata chokaa. Lakini mwalimu mstaafu kaniuliza, "Arudi afanye nini, akae?" Kibanda kizima kikacheka.

Nakuchekesha na hili. Mwuza nyama juzi alikuwa kitini, povu mpaka masikioni, akaanza: "Huyu mpwa wako kafukuzwa, afadhali, angewaharibia wanawake wa watu." Wembe wangu ulikuwa umefika chini ya kidevu. Nikasimamisha mkono. Nikamwambia, "Rudia, sikusikia vizuri." Akafikiri sana. Akasema, "Nasema, kukaa ni kuzuri kwa afya." Nikaendelea kunyoa.

Halafu hilo la mwenyekiti. Mnamchagua mtu mwenyekiti na kiti hana. Waambieni hao wa baraza, labda wataona haya.

Mkaza mjomba wako hajambo. Amekwenda kumwona dada yake kwa siku chache. Nyumba iko kimya. Napika mwenyewe na nakula mwenyewe, na sina wa kumlaumu.

Mjomba wako


11 Mei

Mjomba wangu,

Salamu nyingi. Mkaza mjomba hana dada. Ana kaka watatu, na wote umewanyoa wewe.

Yuko hapa. Aliteremka stendi na kapu, akauliza nyumba ya pazia la maua, akaletwa mpaka mlangoni. Analala kitandani kwangu na mimi nalala chini, kwa amri yake. Ameshapanga upya sufuria za mjane, na mjane amekubali. Nilipomwuliza kama amekuaga, alisema, "Nilimwambia naenda kwa mtoto. Akasema nyumba itabaki na nani. Nikamwambia nyumba haiendi popote." Zaidi ya hapo hasemi, nami siulizi.

Baraza litasikiliza shauri letu mwanzoni mwa Juni. Anasema hatoki hapa kabla halijaisha.

Mwandikie. Si mimi. Yeye.

Mpwa wako


9 Juni

Mjomba wangu,

Natumaini mzima. Sijapata jibu lako. Mkaza mjomba haulizi, ila mpeleka barua akipita yeye ghafla ana kazi ya kufagia mlangoni.

Shauri limesikilizwa jana na leo. Chumba cha baraza kina madirisha marefu na meza moja kubwa. Upande mmoja wamekaa wajumbe watano, wanaume wanne na mama mmoja wa makamo asiyecheka. Kanuni yao ni kwamba anayesema anasimama, hata awe nani. Tulijaa mpaka kwenye ngazi: wa vitambaa, wa viatu, wa dawa, wa mikate. Mkaza mjomba alikaa mstari wa mbele kabisa na kapu lake mapajani. Askari wa mlangoni alimwuliza yeye ni nani katika shauri hili. Akajibu, "Mimi ndiye niliyemlea," na askari akampisha.

Wakili wa mwenye duka alianza. Kijana nadhifu, viatu vinameta. Akasema kusimama ni heshima kwa mteja, kusimama ni afya, kusimama ni desturi ya biashara ya tangu enzi. Akaendelea na akaendelea. Nikamwona anahamisha uzito mguu huu, kisha ule. Akashika meza. Mwisho akasema, "Mheshimiwa mwenyekiti, naomba kuendelea nikiwa nimekaa. Mgongo unanisumbua."

Mwenyekiti akamwuliza, "Umesimama kwa muda gani?"

"Karibu saa nzima, mheshimiwa."

Kutoka mstari wetu Nguzo akasema, kwa sauti ya upole kabisa, "Pole, mwanangu."

Hakukusudia kumkejeli, Mjomba. Alimwonea huruma kweli. Chumba kizima kikavunjika kwa kicheko. Yule mama mjumbe asiyecheka aliinamisha uso kwenye karatasi zake na mabega yakawa yanatikisika. Wakili naye, tumpe haki yake, alicheka mwenyewe, akakaa.

Leo alisimama Nguzo. Wakamwuliza ana ushahidi gani kwamba amesimama miaka yote hiyo. Akasema, "Njooni mtazame vigae." Hawakuelewa. Akaeleza kwamba sakafu ya ghorofa ya chini ni ya vigae vyekundu, na nyuma ya meza yake kuna viwili vimelika, vimeingia ndani kama sahani. "Ni nyayo zangu," akasema. Baraza likaahirisha, wajumbe wote watano wakatembea kwa miguu mpaka dukani, nasi nyuma yao, na barabara nzima ikatoka kutazama. Mwenyekiti wa baraza alipiga goti, akapitisha kidole kwenye kigae.

Nami nilisema pia. Nilikuwa nimeandika maneno mazuri, nikayasahau yote. Nikawaambia kazi tunaipenda, ndiyo maana tunataka tuiweze mpaka uzeeni. Mkaza mjomba anasema sauti yangu ilitetemeka mwanzoni tu.

Uamuzi utatolewa mwezi ujao. Twiga amejifungua mtoto wa kike, mrefu.

Mpwa wako


24 Juni

Mpwa wangu,

Nafurahi mnaendelea vizuri. Barua yako niliisoma kibandani mara tatu, kwa matakwa ya watu. Mwuza nyama aliomba mahali pa vigae parudiwe.

Sikujibu kwa sababu nilikuwa nangoja mtu arudi bila kuitwa, na nimegundua huo ni ujinga. Karatasi ya pili ni ya mkaza mjomba wako. Usiisome.

Mjomba wako


18 Julai

Mjomba wangu,

Karatasi ya pili sikuisoma. Aliisoma yeye mwenyewe, kwa sauti, mbele yangu, mjane na Twiga, kwa maelezo kwamba katika ukoo wetu ndivyo barua zinavyosomwa. Alipofika pale ulipoandika kwamba nyumba inaonekana kubwa na wewe huli vizuri, alisita, akakunja karatasi, akaiweka kifuani. Kilichofuata hatujakijua. Ameanza kufunga kapu. Akifika, usimwulize kitu mpaka apumzike.

Na tumeshinda. Najua mlisikia redioni, lakini nataka ulisikie kwangu. Kila duka katika mji huu liweke kiti kwa kila muuzaji, na mtu asiadhibiwe kwa kukikalia pasipokuwa na mteja. Nami nirudishwe kazini. Uani kwa mjane tulicheza mpaka majirani wakaja kulalamika, wakabaki kucheza.

Nilirudi dukani Jumatatu. Viti vilikuwa vimeletwa, vipya, vya mbao, vinanukia vanishi. Unajua ilikuwaje? Hakuna aliyekaa. Tulisimama kila mmoja kando ya kiti chake tukiona haya, kama mabibi harusi wengi kwa mpigo. Tulikuwa tumesahau inavyoanzwa. Mwishowe tukasikia kutoka chini sauti ya Nguzo ikisema, "Ah, kumbe," na tukajua amekaa. Ndipo ghorofa zote zikakaa.

Sasa lililo moyoni mwangu. Chama kimekua. Wanawake wa viwandani wamejiunga, wa hotelini pia, na kila mmoja anakuja na lake. Wanataka niache duka niwe mtu wao wa kazi hii tu, kutembea mji kwa mji. Nguzo anasema niende. Afisa wa kazi anasema maadui nitakaowapata sitawamaliza. Mimi vitambaa navipenda, Mjomba, na kazi ya dukani ni ya uhakika. Lakini nikipima kitambaa, nasikia akili imeshatoka mlangoni.

Wewe ulinionya tangu mwanzo, na sitaki kuondoka na neno lako likinivuta nyuma. Naomba radhi yako. Ukikataa nitabaki.

Mpwa wako


19 Agosti

Mpwa wangu, mama yangu,

Mkaza mjomba wako alifika salama. Sikumwuliza kitu. Alipopumzika alinieleza yote, tulikaa mezani mpaka chai ikapoa, ikachemshwa tena, ikapoa tena. Anasema unakonda na kwamba unafanana na mama yako ukisema mbele za watu. Sikulijua hilo. Dada yangu hakupata nafasi ya kusema mbele za watu.

Barua yako ya kuomba radhi nilikaa nayo. Niliogopa kukujibu ndiyo, maana nikikujibu ndiyo na ukaumia huko, nitakuwa nimekutuma mimi. Nikaogopa kukujibu hapana pia. Nikawa nanyoa tu.

Juzi, kibanda kimejaa wanaume kama kawaida, mlangoni wakatokea wanawake sita wa kiwanda cha sabuni. Tangu nifungue kibanda hajawahi kuingia mwanamke ila mkaza mjomba wako. Fundi saa akainuka bila kuambiwa, mwalimu naye akainuka, na mwuza nyama, nakwambia ukweli, alimfutia kiti mmoja wao kwa kitambaa chake cha jasho. Mwenye kitoto mgongoni akaniuliza, "Wewe ndiye mjomba wa yule wa viti?"

Mwanangu, mji huu umeniita kinyozi miaka yote. Nikasema ndiye mimi. Sauti yangu nayo ilitetemeka mwanzoni tu.

Wakaniambia shida yao. Pale kiwandani mwanamke akienda kujifungua, akirudi anakuta mwingine mahali pake. Haandikiwi barua wala haambiwi, anakuta tu mwingine amevaa aproni yake. Huyu mwenye kitoto yalimkuta mwezi uliopita. Wamejaribu kumwona meneja, wamefukuzwa getini. Wakauliza kama inawezekana nikuandikie, na kama ungejali, na itachukua muda gani.

Wanaume wote wakanitazama. Nikapangusa wembe, nikauweka. Nikawaambia hakuna haja ya kuandika mengi. Nikawaambia unakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi, wajikusanye nyumbani kwangu, waje na wenzao wote.

Hujaniambia kwamba unakuja, najua. Radhi uliyoniomba ndiyo hiyo. Panda gari la asubuhi.

Mjomba wako